Aliyemkimbia Dokta Rozina

Ninyi mliokabidhiwa funguo za nyumba za wageni za vyuo, na hasa wewe binti uliyerithi jiko langu, nimeambiwa mnataka niwaeleze kazi. Mimi si mtu wa maneno mengi. Miaka yote nilisema "karibu", "chai tayari" na "maji ya moto yapo", na yakanitosha. Nilimaliza darasa la saba kwetu Kalenga, nikaja Mbeya kutafuta kazi, na kuandika kwangu ni kwa polepole, kama mtu anayechambua mchele. Ila mnajua mchele wangu haukuwahi kuvunja mtu jino, kwa hiyo mnivumilie.

Nianze na harufu. Nyumba iliyofungwa siku nyingi hapa Mbeya, wakati wa baridi, inanuka kama kabati la nguo za marehemu. Mgeni akiingia akakuta harufu hiyo, hata ukimpikia kuku watatu hatapona. Hilo nilifundishwa na Mama Nsajigwa, mpishi wetu mkuu, Mnyakyusa wa Kyela, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Yeye ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata kukunja shuka. Alinifundisha kufungua madirisha tangu asubuhi, kuchemsha mchaichai na kuipitisha sufuria chumba kwa chumba, na kufunga chupa ya maji ya moto kwenye khanga ili kuiweka miguuni mwa kitanda. Alinifundisha pia kutosimama mlangoni nikimhoji mgeni habari za safari.

"Flo," aliniambia, "huyu leo umefika mwili tu. Mwenyewe atafika wiki ijayo."

Alikuwa akiwasema watu wa diaspora. Chuo chetu kilikuwa kimeingia kwenye ule mpango wa kuwaleta wahadhiri Waafrika wanaofundisha Ulaya, Amerika na kwingineko, waje kukaa nasi miezi miwili au mitatu. Wanafundisha, wanasimamia wanafunzi wa uzamili, wanakaa na walimu wetu kutengeneza kozi mpya, halafu wanarudi waliko na ule uhusiano unabaki. Ofisini waliwaita wahadhiri wageni. Sisi jikoni hatukujua tuwaite nini. Mgeni ukimwona unamjua: unamtandikia, unampakulia, unamwonyesha swichi ya hita. Mwenyeji naye unamjua, anaingia jikoni na kufunua sufuria mwenyewe. Hawa walisimama kwenye mlango wa jiko, mguu mmoja ndani mmoja nje, wakiangalia sufuria.

Nilikosea mara nyingi. Nilimuuliza mmoja, mzaliwa wa Njombe, kama anakula ugali. Aliniangalia kama nimemtukana mama yake. Siku iliyofuata nikampakulia mwingine ugali bila kuuliza, kumbe daktari wake alimkataza. Mwishoni nilijifunza kuweka vitu mezani, kila kimoja kidogo, kisha kuondoka. Sahani ikirudi utasoma mwenyewe. Na msishangae mambo yakibadilika. Wageni wa zamani walikuwa wakiuliza choo kiko wapi. Wa siku hizi hajavua koti, anauliza nywila ya mtandao. Iandikeni kwa herufi kubwa, mbandike ukutani, mpate amani.

Yuko mmoja sitamsahau, profesa wa madaraja, mzaliwa wa Ghana anayefundisha Kanada. Alitelemka kwenye gari akiwa na shati la mikono mifupi. Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiuma! Kanada amezoea theluji, lakini alijiambia anakuja Afrika, na Afrika kwake ilikuwa joto la kwao pwani. Asubuhi ya kwanza nilimkuta jikoni amekumbatia birika. Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, na Kiswahili chake hakikuwepo, basi nikachukua blanketi la kijivu la kwenye kabati nikamvisha mabegani kama mtoto. Alitoka nalo. Akafundisha nalo darasani wiki nzima. Wanafunzi walimpenda mpaka siku ya kuondoka wakaja wote kumuaga wamejifunga mablanketi, na yeye akacheka akalia, akapiga picha nao pale mbele ya ukumbi. Blanketi nililiandika kwamba limechakaa, Mungu anisamehe, akaondoka nalo.

Lakini ninayetaka kuwasimulia leo ni Dokta Rozina.

Alikuja mwaka uliofuata, kutoka Ubelgiji. Alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya migomba, mwanamke mrefu, mpole, wa umri unaokaribia wangu. Nilimfungulia mlango nikasema "karibu", yeye akanijibu, "Kamwene." Nikashika ukuta. Salamu ya kwetu! Kumbe ni Mhehe kama mimi, tena wa Kalenga, nyumba yao ni ile ya karibu na kanisa. Tangu siku hiyo hakukuwa na mlango wa jiko kati yetu. Aliniita dada Flo, akaja kumenya viazi nami jioni, tukasema Kihehe mpaka dereva wa chuo akalalamika kwamba tunamsengenya.

"Tunakusengenya kweli," Dokta alimwambia.

Kwa nje alikuwa na furaha. Wanafunzi wake walijaa kwenye baraza la mbele wakiwa na majani ya migomba yaliyonyauka, wakiyapasua, wakiyapiga picha kwa simu, wakicheka. Ila kuna swali moja walilomuuliza kila wiki.

"Dokta, Rungwe tunaenda lini?"

"Tutaenda," anajibu. "Tumalize kwanza mashamba ya huku."

Mashamba ya huku ya migomba ni yapi? Migomba yote iko Rungwe. Hata mimi nisiye na elimu ya majani nilijua. Siku moja, tukimenya viazi, alinieleza mwenyewe. Mume wake ni Mnyakyusa wa Rungwe, wamekutana hukohuko Ulaya wakisoma, wakaoana huko, ofisini, na marafiki wawili wakiwa mashahidi. Hakukuwa na mzee hata mmoja wa upande wowote. Kwao Kalenga walinuna, wakasamehe. Kwa wakwe hakujua. Walituma picha ya harusi, haikujibiwa. Mume akipiga simu, baba yake anamsalimia, anamuuliza kazi, anamuuliza wajukuu, kisha simu anapewa mama. Kuhusu mke hajawahi kuuliza hata neno moja. Mume mwenyewe aliondoka kwao mdogo kwenda shule ya bweni, na kila akiulizwa na mkewe anasema, "Mimi amenisamehe. Wewe sijui kama amekukubali."

"Nimeuomba ufadhili huu kwa ajili ya migomba, dada Flo," aliniambia. "Lakini pia nilitaka niende nikajulikane. Sasa nimefika, miguu haitaki. Nikifika pale mlangoni nikafukuzwa, nitawaambia nini watoto wangu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Miezi yake mitatu ilikuwa inakatika, na Rungwe iko karibu kiasi kwamba mawingu yake tunayaona.

Sasa hapo bustanini tulikuwa na Mzee Ambakisye. Alikuwa mtunza bustani, amekuja kwetu baada ya kuacha kazi kwenye mashamba ya chai, mwembamba, mtaratibu, na mpenzi wa chai kuliko kazi. Kila saa nne anakuja mlango wa nyuma, anagonga kwa kucha, anasema, "Dada Flo, koo limekauka," nami nampa kikombe kikubwa cha bati. Kwa watu wote alikuwa na salamu ndefu: mvua, mahindi, watoto, mpaka ng'ombe. Watu wote isipokuwa Dokta Rozina.

Asubuhi ya kwanza Dokta alitoka nje, akamwona anapalilia maua. Akainama kidogo kwa heshima za kwetu, akafungua mdomo kusema shikamoo. Mzee aliangusha jembe, akageuka, akaondoka mbio nyuma ya tangi la maji. Tukadhani ameshikwa na tumbo. Kesho yake vilevile. Keshokutwa alikuwa juu ya ngazi anakata matawi. Dokta alipotokea alifunika uso kwa kofia, akabaki hivyo juu ya ngazi kama kinyago mpaka alipopita. Ikawa Dokta akitoka mbele, mzee yuko nyuma. Akija nyuma, mzee yuko mbele. Maua ya upande wa baraza yakaota magugu, maana Dokta na wanafunzi walikuwa hapo siku nzima.

"Ana nini na mimi?" Dokta aliuliza.

"Hana kitu. Ni mzee tu wa Rungwe, wana mambo yao," nikasema bila kufikiri.

Aliweka kisu chini.

"Wa Rungwe?"

Hapo nikajua nimeharibu. Alisema, "Basi wamenizungumza huko. Mpaka mtunza bustani ananikimbia kama mchawi. Nikishindwa na huyu, dada Flo, Rungwe siendi. Wanafunzi nitawapeleka kwa mwalimu mwingine."

Mama Nsajigwa alikuwa likizo kwao Kyela, anavuna mpunga. Angekuwepo haya yote yasingetokea. Nilibaki mimi, Mhehe peke yangu na Mhehe mwenzangu, na tulichokifanya kingeweza kufanywa na Wahehe wawili tu: tuliamua kumvizia.

Mpango ulikuwa rahisi. Saa nne mzee angekuja kwa chai yake. Ningemwingiza ndani, kwenye kile chumba cha kufulia, nimkalishe kwenye kigoda. Dokta angesubiri kwenye stoo. Mzee akishika kikombe tu, Dokta anatokea, anapiga magoti, anasema shikamoo. Mtu mwenye kikombe cha chai ya moto hakimbii. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yetu.

Mzee akaja. "Dada Flo, koo limekauka."

"Ingia leo, baba, nje kuna upepo."

Akaingia, akakaa, akapuliza chai. Nikakohoa, ndiyo ilikuwa ishara. Dokta akatokea stoo, akapiga magoti katikati ya mlango.

"Shikamoo, baba!"

Sijawahi kuona mtu wa umri ule akiwa na wepesi ule. Alifumba macho, akasimama, akapita ule mlango mdogo wa upande wa kamba za nguo, akapenya katikati ya shuka mbili zilizoanikwa, na kwa kuwa macho bado alikuwa ameyafumba, akaingia moja kwa moja kwenye ua wa michongoma. Mnaijua michongoma. Mbuzi hapiti. Mzee Ambakisye alipita. Tulisikia matawi yakivunjika, tukasikia "aa! aa!" mara kadhaa, halafu nyayo zikikimbia upande wa pili kuelekea barabarani. Buti moja lilibaki kwetu. Kikombe alikwenda nacho, na dereva aliyemwona alisema hakikuwa kimemwagika sana.

Dokta alibaki amepiga magoti. Hakulia. Aliokota buti, akalifuta tope kwa mkono wake, akaliweka vizuri karibu na mlango. Jioni ile hakuja kumenya viazi. Kesho yake alimwambia mkuu wa idara kwamba safari ya Rungwe ifutwe.

Mama Nsajigwa alirudi Jumatatu akiwa na gunia la mchele kichwani. Kabla hajalitua nilikuwa nimeshaanza kumweleza, na mimi nikianza kusema huwa siwezi kupanga, nikaanzia kwenye buti nikamalizia kwenye Ubelgiji. Alisikiliza amekunja uso.

"Subiri. Huyo Ambakisye anawakimbia wanawake wote?"

"Hapana. Mimi ananidai chai kila siku."

"Walimu wanawake?"

"Anawasalimia mpaka wanachelewa vipindi."

"Wageni wengine?"

"Hata yule Mjerumani aliyelala hapa mwezi uliopita, mzee alimsalimia."

"Anamkimbia huyu mmoja tu. Na anafumba macho."

"Anafumba kabisa."

"Na huyu mmoja ameolewa wapi?"

"Rungwe," nikasema.

Mama Nsajigwa alikaa juu ya gunia lake la mchele. Alianza kucheka bila sauti, mabega tu, halafu sauti ikaja, na sauti yake mnaijua, wakaja watu wa maktaba kuuliza kuna nini.

"Ninyi Wahehe!" alisema akijifuta machozi. "Mmemvizia mkwe! Mmemfungia mkwe chumbani na mkamwana wake! Mzee wa watu amepita kwenye miiba kwa heshima!"

Ndipo akanieleza. Kwao, baba mkwe na mkamwana, yaani mke wa mwanawe, hawatazamani. Mkamwana hamtaji jina, hamkabili njiani. Akimwona anapisha, anajifunika. Mkwe naye anapisha. Na si baba wa mume peke yake, ni hata ndugu zake. Siku hizi mijini wengi wameacha, wanapeana mikono na kupiga picha pamoja, lakini wazee wa ile milima wa umri wa Ambakisye bado wanashika. Mimi kwetu nilizoea kuona mwanamume akimpisha mama wa mke wake, ila kumwona mzee akimkimbia mwanamke msomi kutoka Ulaya hakukunikumbusha hilo hata kidogo. Vijana, hilo ndilo ninalotaka mlishike: mgeni wenu akitendewa jambo msilolielewa, msilitafsiri kwa akili ya kwenu. Tafuteni mtu aliyezaliwa upande huo, hata kama yuko Kyela anavuna.

Tulikwenda kwa Dokta. Alisikiliza, akachukua simu, akampigia mume wake kwa video. Kule ilikuwa bado asubuhi, mume yuko na mswaki mdomoni.

"Una baba mdogo anaitwa Ambakisye?"

"Ninaye. Yuko mashamba ya chai. Kwa nini?"

"Hayuko mashamba ya chai. Yuko hapa, na nimempitisha kwenye miiba."

Mume aliposikia kisa chote alicheka mpaka mswaki ukaanguka kwenye sinki. Dokta hakucheka. Alisema, "Huyu ni baba mdogo. Nataka kujua la baba mwenyewe."

Mama Nsajigwa akasema, "Hilo aulizwe Ambakisye."

"Atakuja?"

"Atakuja. Ila mtafanya ninavyosema mimi."

Alimwita mzee kupitia kwa dereva. Akamweka Dokta kwenye kiti barazani, uso umeelekea mlimani, kitenge kichwani. Mzee akasimama nyuma ya ua, hatumwoni, tunaona kofia tu. Mama Nsajigwa akasimama katikati, mikono kiunoni, kama mwamuzi wa mpira. Kati ya hao wawili palikuwa na hatua chache tu na kila mtu alisikia kila kitu.

"Mwambie mkamwana nimekuja," ilisema kofia.

"Dokta, anasema—"

"Nimesikia, mama."

"Hujasikia! Utasikia nikishakwambia. Anasema amekuja."

"Mwambie baba, shikamoo."

"Anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Mwambie hajambo huko alikotoka, na watoto."

"Hajambo huko, na watoto?"

"Mwambie hatujambo. Mwambie pole sana na miiba."

"Anakupa pole ya miiba."

"Mwambie imeshatoka."

"Anasema umebaki mmoja," Mama Nsajigwa akasema, "mahali ambapo hawezi kukutajia."

"Sikusema hivyo!" kofia ikaruka. "Wewe mwanamke wa Kyela, sikusema hivyo!"

Kiti cha Dokta kilikuwa kinatikisika. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu lile buti. Kisha akatulia, akashika ncha za kitenge kwa mikono yote miwili.

"Mwambie baba, namuuliza jambo. Nyumbani Rungwe, kwa nini hawajawahi kuniulizia? Ninataka kujua kama naweza kwenda."

Mama Nsajigwa safari hii hakutania. Alilirudia swali neno kwa neno. Kule nyuma ya ua kofia ilishuka, kisha ikapanda tena.

"Mwambie," alisema hatimaye, "kaka yangu alikasirika. Hilo kweli. Mtoto kuoa bila wazee, alikasirika mwaka mzima. Halafu picha ikaja. Mama yao akaitundika sebuleni, juu ya televisheni. Tangu siku hiyo kaka amegeuza kiti chake. Anakaa ameipa mgongo. Taarifa ya habari anaisikiliza tu."

Mama Nsajigwa alikuwa ameshafungua mdomo kurudia, akaufunga.

"Wajukuu zake wanamwambia, babu, hamisha picha uangalie mpira," mzee akaendelea. "Anasema picha ya mkamwana inakaa palepale. Mwambie mimi ndiko nilikomjua. Siku ile ametokea hapa nje, nikaona ni yule wa juu ya televisheni. Nikatupa jembe. Kusema kwamba mimi ni mkwe wake nikaona aibu, yeye ni dokta, mimi nina matope."

Dokta alikuwa amefunika uso wote kwa kitenge. Hakuna aliyerudia kitu. Baadaye sauti ikatoka ndani ya kitenge.

"Mwambie baba, Jumamosi nitakuja na wanafunzi wangu kuangalia migomba. Nitapita nyumbani."

"Mwambie nitatangulia kuwapa habari," ilisema kofia, ikaondoka.

Jumamosi tulijaa kwenye gari la chuo. Wanafunzi nyuma na masanduku yao ya sampuli, Mama Nsajigwa mbele, Dokta na mimi katikati. Mimi sikutaka kwenda, naogopa nyumba za watu, lakini alinishika mkono tangu Mbeya na hakuuachia. Uyole tukapita, tukapanda kwenye ukungu, tukatelemka Kiwira, mvua ikaanza, na migomba ikaja pande zote mpaka ndani ya gari kukawa kijani. Wanafunzi walitaka kusimama kila mahali. Dokta hakusikia chochote. Macho yalikuwa njiani.

Tulipokata kona ya mwisho, mwanamke mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia, amenyoosha mikono yote miwili kuzuia gari. Alikuwa wifi yake, dada wa mume.

"Simameni hapohapo!" alipiga kelele. "Msiende mbele! Baba bado!"

Nilihisi kucha za Dokta kwenye mkono wangu. Mama Nsajigwa akashusha kioo.

"Bado nini?"

"Bado hajamaliza kuondoka!"

"Si mliambiwa tangu jana tunakuja?"

"Tulimwambia aondoke asubuhi, akae kwa jirani. Kakataa. Kasema akiondoka kabla mkamwana hajafika, hayo yatakuwa matembezi tu, siyo kumpisha. Amekaa mpaka amesikia gari. Ndiyo anainuka sasa hivi, na mguu wake mmoja ni mgonjwa!"

Dokta alijifunika kitenge, akainamisha kichwa magotini. Dereva akazima gari. Mwanafunzi aliyekuwa anakula muwa akaacha kutafuna.

"Dada Flo," alininong'oneza. "Wewe unaweza kuangalia. Niambie."

Nikaangalia. Nyumba ya bati, uwanja umefagiliwa, na mzee anatoka mlango wa nyuma kwa fimbo. Alikuwa amevaa koti jeusi la kanisani na kofia ya pama, na viatu vinang'aa. Amevaa hivyo ili akimbie.

"Amefika kwenye kamba ya nguo," nikamwambia. "Amefika kwenye banda la ng'ombe. Sasa amesimama."

"Kwa nini amesimama?"

"Anapumzika. Mama amemshika kiwiko. Amemsukuma mama, anataka kwenda peke yake. Anaenda. Ameingia kwenye migomba."

"Anaonekana?"

"Kofia tu. Sasa haonekani."

Wifi akageuka, akatutazama, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na kutoka uani vikajibu vingine, wanawake wakatoka jikoni, mbele yao mama mkwe anakuja na mvua ile bila mwavuli. Alifungua mlango wa gari mwenyewe. Alimtoa Dokta kama unavyomtoa mtoto aliyelala safarini, akamfunua uso, akamwangalia, akamkumbatia pale kwenye tope. Wanafunzi walianza kupiga makofi. Mama Nsajigwa alikuwa analia, akasema ni mvua.

Tukiwa tumesimama hivyo, sauti ya mzee ikaja kutoka kwenye migomba, haina pumzi, lakini ya kutosha kila mtu asikie.

"Mwambieni mkamwana!"

"Anasema uambiwe," wifi akasema.

"Mwambieni akija tena, gari lipige honi kule chini darajani! Mimi mguu hauna mbio!"